Dini, mafumbo au tiba: uanze na picha zipi za kuchongwa za Ulaya ya kale?

Mtu akishaiona picha moja ya Albrecht Dürer, mchoraji wa Kijerumani, kwa karibu, hatosheki na hiyo moja. Hapo ndipo tabu inapoanza. Picha za kuchongwa za Ulaya, tangu miaka ya 1490 hadi katikati ya karne ya 18, ni nyingi kupita kiasi, na Rijksmuseum ya Amsterdam, Metropolitan Museum ya New York na Wellcome Collection ya London wameziweka mtandaoni kwa maelfu, mtu apakue bure. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na picha mia mbili kwenye simu, akaniuliza: "Mwalimu, sasa nianze na ipi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye haja mbalimbali. Yupo anayetaka picha mbili tatu za kutundika sebuleni. Yupo mwalimu wa fasihi anayetafuta mfano wa tashihisi ambao darasa litauona kwa macho. Yupo kijana wa udaktari anayetaka kujua mababu wa vitabu vyake. Wote huishia kwenye njia panda ileile yenye njia tatu: picha za dini, picha za mafumbo na picha za tiba.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ni picha zilizochongwa kwenye kibao cha mbao au bamba la shaba, zikapakwa wino, zikakandamizwa kwenye karatasi. Kwenye mbao, fundi huondoa pale panapotakiwa pawe peupe, na mstari hubaki umeinuka kama nakshi ya mlango wa Lamu au wa Mji Mkongwe. Wino hukaa juu ya mstari. Kwenye shaba mambo hugeuka: mstari wenyewe ndio unaochimbwa kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, wino hujazwa ndani ya ule mfereji, uso wa bamba hufutwa hadi ung'ae, kisha karatasi iliyoloweshwa hupitishwa pamoja na bamba kati ya rola mbili nzito mpaka iufuate wino ndani ya mfereji. Njia ya tatu ni ya asidi. Bamba hupakwa nta, mchoraji huchora juu ya nta kwa sindano, na asidi hula shaba palipofunuliwa.

Mambo haya hayawahusu mafundi peke yao. Mbao huchapwa pamoja na herufi kwa mtambo mmoja, ndiyo maana vitabu vingi vya mwanzo vina picha za mbao. Shaba hudai mtambo wake, lakini hustahimili mstari mwembamba kama unywele. Ukijua picha imetoka kwenye kipi, utajua pia uisogelee kiasi gani.

## Nitazipima kwa nini

Kila kundi nitaliuliza maswali yaleyale. Jicho linapata nini dakika ya kwanza? Unahitaji kujua nini kabla picha haijafunguka? Mstari wake ukoje, na ukubwa wake halisi unaingia kwenye karatasi gani ya kawaida? Kuna jambo gani la kuangalia kabla hujaileta nyumbani au darasani? Na mwisho, inamfaa nani?

Swali la ukubwa naliwekea mkazo kwa sababu wengi hulipuuza. Mafundi hawa walichonga kwa kipimo cha mkono na jicho. Picha ya sentimita 24 ukiitanua ikawa kama mlango, nafasi kati ya mistari hutanuka nayo, na kile kivuli laini hugeuka kuwa wavu wa samaki.

## Picha za dini

Jicho linapata nini. Hadithi. Chukua Wapanda Farasi Wanne wa Dürer, picha ya mbao kutoka mfululizo wake wa Ufunuo wa 1498, alioutoa Nuremberg akiwa hajafikisha miaka 30. Farasi wanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na watu wanaanguka chini ya kwato. Ufunuo sura ya 6 inawatambulisha farasi kwa rangi: mweupe, mwekundu, mweusi, na yule wa kijivujivu. Dürer hakuwa na rangi, alikuwa na wino mweusi tu. Basi aliwatofautisha kwa walichoshika wapanda farasi: upinde, upanga, mizani. Mauti mwenyewe yuko chini kushoto, juu ya farasi aliyekonda mbavu nje, naye ni kizee aliyebaki ngozi na mifupa. Chini yake kinywa cha kuzimu kimekwisha kumshika mtu mwenye taji kichwani. Mtoto wa darasa la nne atakusimulia picha hii bila kufundishwa.

Ujue nini kabla. Aliyelelewa na Biblia ameshafika nusu ya njia. Mfano wangu ni picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya mwishoni mwa miaka ya 1640, ile iliyokuja kuitwa ya gilda mia moja (gilda ni fedha ya Uholanzi), ambamo Yesu amesimama katikati na wagonjwa wanamjia. Ameitengeneza kwa asidi, akaongeza mikwaruzo ya sindano juu ya shaba. Mgonjwa mmoja ameletwa kwenye toroli. Kijana mmoja aliyevaa vizuri ameketi, kidevu mkononi, anafikiri. Upande wa kulia kabisa, kwenye lango, kuna ngamia. Asiyejua Mathayo 19 atadhani ngamia ni pambo la nchi za mashariki. Anayeijua ataona mara moja: yule kijana ndiye tajiri aliyeondoka na huzuni, na ngamia ndiye wa tundu la sindano. Rembrandt ameikunja sura nzima ndani ya bamba moja.

Yapo pia yasiyo ndani ya Biblia. Simba aliyelala mbele ya Mtakatifu Jerome, katika picha ya shaba ya Dürer ya 1514, anatoka kwenye masimulizi ya watakatifu, na Mkatoliki atamtambua upesi kuliko Mprotestanti.

Mstari na ukubwa. Hapa utakuta kila aina ya mstari, na pengine hilo ndilo tunu kubwa la kundi hili. Ufunuo wa Dürer una picha za sentimita 39 kwa 28 hivi, kwa hiyo zinaingia kwenye A3. Jerome ni mdogo, anatosha A4 na pembezoni zikabaki. Hendrick Goltzius wa Haarlem, ambaye mkono wake wa kulia uliungua motoni tangu utotoni ukabaki umekunjamana, alichonga mistari inayonenepa na kukonda kama mwandiko wa khati. Mnamo 1593 na 1594 alitoa picha sita za maisha ya Mariamu, kila moja akiiga mkono wa bwana mwingine. Karel van Mander, aliyefahamiana naye, anasimulia kwamba Goltzius aliichukua moja, akaondoa alama yake, akaifukiza na kuikunjakunja ionekane kuukuu, na wajuzi wakaapa kwamba ni ya Dürer.

Tahadhari. Mbili. Ya kwanza, zipo picha za dini zilizotengenezwa kama silaha. Lucas Cranach mnamo 1521, Wittenberg, alitoa picha za jozi: upande mmoja Kristo anaosha miguu, upande wa pili Papa anabusiwa mguu. Ni kazi nzuri, lakini darasani kwenye watoto wa madhehebu mchanganyiko usiilete bila maelezo. Ya pili, zipo nyumba ambazo sura za manabii hazitundikwi. Kama unamnunulia mtu zawadi, muulize kwanza.

Inamfaa nani. Anayependa kusimuliwa. Pia anayeanza kabisa, kwa kuwa akili ikishaijua hadithi, jicho linapata nafasi ya kuangalia ufundi.

## Picha za mafumbo

Jicho linapata nini. Mwanzoni, mkanganyiko. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi hukata tamaa mapema na kundi hili, na mimi mwenyewe nililikwepa miaka.

Iangalie Melencolia I, ya Dürer tena, ya shaba, 1514. Mwanamke mwenye mabawa ameketi chini, shavu limeegemea ngumi, bikari mkononi na haitumii. Uso uko gizani, macho yanawaka. Mbwa aliyekonda amelala miguuni pake. Vifaa vya seremala vimetapakaa: randa, msumeno, misumari. Ukutani kuna mizani, shisha ya mchanga, kengele, na jedwali la namba 16. Popo anapita angani akiwa amebeba jina la picha. Kila kitu cha kufanyia kazi kipo, na hakuna kazi inayofanyika. Kitoto chenye mabawa pekee ndicho kinachokwaruza kibao chake.

Sasa lisogelee lile jedwali. Jumlisha mstari wowote, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unapata 34. Namba mbili za katikati kwenye safu ya chini ni 15 na 14, yaani 1514, mwaka wa picha yenyewe, na ndio mwaka Dürer aliofiwa na mama yake. Kiunoni mwa mwanamke kuna funguo na mfuko wa fedha. Kwenye mchoro wa matayarisho Dürer aliandika kwa mkono wake kwamba ufunguo ni mamlaka na mfuko ni mali. Maelezo mengine hakuyaacha, na kwa zaidi ya miaka 500 watu wanazungumza na picha hii.

Ujue nini kabla. Aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni ana zana tayari. Huyu mwanamke ni tashihisi: hali ya moyo imepewa mwili, nguo na mabawa. Kinachobaki ni kuijua elimu ya wakati ule, kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu huwa mzito, mpweke, mwenye fikra nyingi. Elimu hiyo si ngeni kwetu kama inavyoonekana. Neno letu balghamu ni la Kigiriki, likapita kwa matabibu wa Kiarabu hadi kufika pwani.

Si mafumbo yote yanadai elimu. Pieter Bruegel alichora Samaki Wakubwa Hula Wadogo, na mchapishaji Hieronymus Cock wa Antwerp akaitoa 1557, ikiwa imechongwa na Pieter van der Heyden. Cock aliandika juu yake jina la mchoraji Bosch, aliyekwisha kufa zamani, pengine kwa kuwa jina hilo liliuza zaidi. Samaki mkubwa kama nyumba amelala ufukweni, kisu kikubwa kimempasua tumbo, na wadogo wanamwagika, kila mmoja na mwingine mdomoni. Kushoto, samaki mwenye miguu ya binadamu anaondoka zake na kitoweo kinywani. Kwenye mashua mzee anamwonyesha mtoto wake, na maandishi ya Kiflandersi chini yanasema: tazama mwanangu, nimejua zamani sana kwamba samaki wakubwa hula wadogo. Mvuvi wa Bagamoyo hahitaji mkalimani hapo.

Mstari na ukubwa. Melencolia I ni sentimita 24 kwa 19 hivi, kwa hiyo A4 inaipokea kwa ukubwa wake halisi. Bruegel anaikaribia A4 nzima, nenda A3 ubaki na pembezoni. Mstari wa Dürer hapa ni mwembamba mno. Baba yake alikuwa sonara, naye alianza kujifunza kwenye karakana hiyo, na utaona mkono uliozoea kutia nakshi kwenye fedha. Mimi niliichapisha mara ya kwanza kwenye duka moja, juu ya karatasi inayong'aa, na uso wa yule mwanamke ukawa doa jeusi. Karatasi isiyong'aa, faili kubwa kuliko yote unayoweza kupakua, na umwambie mchapaji asiitanue ijaze karatasi.

Tahadhari. Fumbo hubeba mawazo ya aliyelitunga, na mengine yanatuhusu moja kwa moja. Cesare Ripa alitoa Roma, mnamo 1593, kamusi ya mafumbo kwa ajili ya wachoraji. Toleo la 1603 likaongezewa picha za mbao. Humo Afrika ni mwanamke mweusi karibu uchi, amevaa kichwa cha tembo kama kofia, nge mkono mmoja, pembe yenye masuke ya nafaka mkono wa pili, simba upande huu na nyoka upande ule. Ulaya katika kitabu hichohicho ana taji. Sura hiyo ya Afrika ilinakiliwa kwenye ramani na vitabu kwa vizazi. Sisemi usiiangalie. Nasema ukiileta darasani, iweke mezani pamoja na ile ya Ulaya, waache wanafunzi wahesabu nani amevikwa nini. Nimefanya hivyo mara kadhaa, na darasa huwa haliishi kengele ikigonga.

Inamfaa nani. Mwenye subira, apendaye vitendawili, anayetaka picha moja ya kukaa nayo miaka badala ya kumi za kupita. Na walimu wa fasihi, bila shaka.

## Picha za tiba

Jicho linapata nini. Mwili, wazi. Andreas Vesalius wa Brussels, mwalimu wa Padua, alikuwa na miaka 28 tu kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu kilipochapwa na Johannes Oporinus huko Basel, 1543. Picha zilichongwa Venice kwenye mbao za mpea, vibao vikasafirishwa kuvuka milima ya Alpi. Ndani yake watu wa misuli wamesimama, ngozi imeondolewa, mkono umenyooshwa kama msemaji jukwaani, na nyuma yao kuna vilima, madaraja na magofu. Ukizipanga picha hizo sawasawa, mandhari ya nyuma huungana ikawa moja.

Kila picha inayofuata imevuliwa zaidi. Misuli inaning'inia kama nguo zilizofunguliwa vifungo, mpaka unafika kwenye mwili ambao haujisimamii tena, umefungwa kamba. Kuna mifupa iliyosimama kando ya kaburi, mkono juu ya fuvu, kama anayewaza. Kaburi limeandikwa kwa Kilatini kwamba akili ndiyo huishi, mengine yote ni ya mauti.

Ujue nini kabla. Kidogo sana ili kuziona, zaidi kidogo ili kuzithamini. Kabla ya Vesalius, madaktari walimfuata Galen, tabibu Mgiriki aliyeishi karne ya 2, aliyechana zaidi nyani na wanyama wengine. Galen alisema taya la chini ni mifupa miwili. Vesalius alichana maiti za watu, akaonyesha ni mmoja. Picha zilikuwa hoja. Herufi ndogo zilizotapakaa juu ya misuli zinampeleka msomaji kwenye maelezo, naye akague mwenyewe.

Mstari na ukubwa. Kundi hili linakuonyesha mabadiliko ya ufundi kuliko mengine. Vesalius ni mbao, ukurasa mkubwa unaokaribia A3, mstari imara unaovumilia kutazamwa kutoka mbali. Vibao vyenyewe vilidumu karne nne, vikachapwa tena 1934, kisha vikateketea Munich kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mnamo 1685 Govard Bidloo alitoa Amsterdam picha 105 za shaba zilizochorwa na Gerard de Lairesse, na mambo yakawa mengine kabisa. Hakuna vilima, hakuna msemaji jukwaani. Kuna maiti mezani, pini, uzi uliovuta ngozi pembeni, kitambaa kilichokunjwa, na kwenye picha moja ya tumbo lililopasuliwa inzi ametua. Inzi yule hunishika kila mara. Anakukumbusha joto na harufu ya chumba.

Kisha Leiden, 1747, Bernhard Siegfried Albinus na mchongaji Jan Wandelaar. Walitundika nyavu za nyuzi mbele ya mifupa ili kila sehemu ipimwe kwa mraba wake. Baada ya usahihi wote huo, katika picha mbili Wandelaar aliweka kifaru nyuma ya mtu aliyebaki karibu mifupa mitupu. Ni Clara, kifaru wa India aliyeshushwa Uholanzi 1741 na kuzungushwa Ulaya miaka mingi. Mgongo wake mzito wa mikunjo unafanya mifupa iliyo mbele ionekane myepesi, karibu icheze. Bamba hizi ni kubwa, zinataka A2.

Tahadhari. Hizi zilikuwa miili ya watu. Wengi waliochanwa walikuwa wamenyongwa kwa hukumu, na hakuna aliyewaomba idhini. Ukurasa wa mbele wa Vesalius unaonyesha mwili wa mwanamke umepasuliwa katikati ya umati wa wanaume wanaosukumana kuona. Mimi siutundiki. Naufundisha, na naanza kwa kusema huyu alikuwa mtu. Fikiria pia watakaoupita ukuta wako: mgeni aliyefiwa wiki iliyopita, mtoto anayeogopa giza. Bidloo asikae sebuleni.

Inamfaa nani. Wanafunzi wa afya na baiolojia, wachoraji wanaojifunza mwili, na yeyote anayeona uzuri kwenye kitu kilichoangaliwa kwa makini bila kukwepesha jicho.

## Zilizosimama katikati

Nimegawa makundi matatu kama vile kuna ukuta kati yao. Watu wa wakati ule hawakuujua ukuta huo, na baadhi ya picha ninazozipenda zaidi zimekaa mpakani.

Adamu na Hawa wa Dürer, shaba, 1504, ni ya dini kwa jina. Miguuni pao kuna ng'ombe, sungura, paka na, nyuma kidogo, paa mkubwa wa misitu ya kaskazini. Wanne hao ndio yale majimaji manne. Kabla tunda halijaliwa yamo katika mizani, na panya amekaa karibu na paka bila kuliwa. Baada ya hapo mizani inavunjika, na ugonjwa unaingia duniani.

Hans Holbein alichora Mauti akimtembelea kila mtu, mfalme hadi mkulima, na picha hizo zilizochongwa na Hans Lützelburger zikachapwa Lyon 1538. Ni ndogo, kila moja inafichwa na kiganja. Mauti anamletea daktari mzee mgonjwa na chupa ya mkojo ili aipime, heshima zote, kama msaidizi wa zahanati.

Na kuna picha nne za 1587 kutoka karakana ya Goltzius. Mgonjwa akiwa taabani, daktari aliye mbele yake ni Mungu. Akipata nafuu, daktari ni malaika. Akisimama, ni binadamu kama wengine. Akiletewa bili, ni shetani. Dini, fumbo na tiba katika seti moja, na yeyote aliyewahi kuuguza ndugu hospitalini ataisoma bila tafsiri.

## Kulingana na hali yako

Unatafuta picha ya kwanza ya ukutani, nyumba ya Kikristo: Jerome wa 1514. Jua linapita dirishani likachora vioo vya mviringo ukutani, simba na mbwa wamesinzia, mzee anaandika. Ukichoka utaipumzikia. Kama nyumba haitundiki sura za watu wa dini, mchukue Bruegel na samaki wake, maana kuna watu lakini hakuna nabii wala mtakatifu.

Una darasa la fasihi na kipindi kimoja tu: Samaki Wakubwa, kwa kuwa linafunguka haraka. Ukiwa na vipindi vitatu, Melencolia I kwanza bila maelezo, wanafunzi waorodheshe vitu, ndipo uje na jedwali la namba. Mwisho Afrika na Ulaya za Ripa.

Unasomea udaktari au uuguzi: Vesalius na Albinus pamoja, uone karne mbili zilivyobadilisha jicho. Anzia Wellcome Collection, maana upande wa tiba ndio wao hasa. Bidloo msome ukiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Unajifunza kuchora: usichague kundi, chagua mstari. Nakili kipande cha Goltzius cha upana wa vidole viwili kwa kalamu ya wino, kisha kipande cha Rembrandt. Mkono utakuambia siku hiyohiyo wewe ni wa shaba iliyochongwa au wa sindano na asidi.

Una mgonjwa ndani ya nyumba, au mmetoka msibani: ziache za tiba kwa sasa, hata kama ndizo uzipendazo. Rembrandt na wagonjwa wake anaweza kukaa karibu na kitanda. Vesalius atasubiri.

Na kama kinachokusukuma ni kuiona pwani yetu kwenye shaba ya wakati ule, hautaikuta kwenye makundi haya matatu. Mtafute Georg Braun na Frans Hogenberg, Cologne, 1572, juzuu la kwanza la kitabu chao cha miji ya dunia. Kuna bamba moja lililogawanywa kwa miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kuta za Kilwa zimesimama juu ya maji, majahazi mbele yake.